Gonga Reli, Mwinshehe

Jumatatu, 6 Machi 1978

Mimi ni mzoefu wa kufungiwa. Mjerumani alinifungia ndani ya boma la Kilosa siku kumi na nne, sikulia, sikuomba maji, na siku ya kutoka askari walishangaa kuniona nimenenepa. Kwa hiyo leo Balozi Donati alipopita nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba kijiji kimewekwa karantini kwa ajili ya kipindupindu, mtu asitoke na mtu asiingie, wenzangu walishika vichwa, mimi nikacheka.

Mke wangu Mwamvua amechungulia daftari hili, akasema, "We Mwinshehe, Mjerumani gani? Mjerumani anaondoka wewe ulikuwa unatambaa." Kumbe kisomo cha watu wazima kimemwingia sawasawa mwanamke huyu. Basi nakiri. Aliyefungwa ni mjomba wangu, na hakunenepa, alitoka na kifua kibovu akafa nacho. Mimi sijapata kufungiwa popote isipokuwa chooni, na shemeji zangu, mwaka niliooa.

Daftari lenyewe ni la kisomo. Darasa limefungwa, nami naandika ili herufi zisinikimbie. Mkono wa mzee ukilala wiki mbili unarudi kuwa wa jembe tu.

Amri ni hizi. Kila mtu akae na mlango wake. Maji yachemshwe. Pombe hakuna. Kwenda msibani hakuna. Kwenda shamba la ujamaa hakuna, na hiyo moja sikuipinga. Mtu akianza kuharisha na kutapika, kipande cha reli kigongwe, bwana afya atakuja na machela. Kipande hicho kinaning'inia kwenye nguzo mbele ya nyumba yangu, ndicho kile cha kutuamshia kwenda shambani. Donati akanikabidhi nyundo.

"Mzee Mwinshehe, mgongaji wa safu hii ni wewe. Ukisikia mtu kaumwa, gonga. Usingoje."

Cheo changu cha kwanza tangu Uhuru.

Jumanne, 7 Machi

Ng'ambo ya barabara, hatua thelathini kutoka mlangoni pangu, anakaa adui yangu Cleopa. Ni Mnyamwezi, mimi Msagara, watani toka enzi babu zake walipopita hapa na mizigo ya watu vichwani na babu zangu wakawatoza kila kitu ila kucha. Alifanya kazi ya reli Kidete miaka ishirini na sita, kila mto Mkondoa ukifurika na kubeba njia ya treni yeye anairudisha. Mwaka wa sabini na nne walipotuhamishia hapa kijiji cha Tujikaze, bwana mmoja mwenye kamba alipima viwanja bila kuuliza kabila la mtu, akatupanga uso kwa uso. Mkewe alikufa mwaka wa pili. Binti yake Verdiana kaolewa Mikumi. Yupo peke yake na mdomo wake.

Leo alfajiri nimesikia:

"Mwinshehe! Bado hujafa?"

"Nitakufaje na wewe kaburi hujachimba? Mpagazi gani anangoja mzigo akiwa amekaa?"

"Kaburi lako nitalichimba fupi. Miguu ibaki nje, tuanikie mihogo."

Mwamvua alikuwa anakunywa uji. Ulimtoka puani.

Alhamisi, 9 Machi

Mvua. Nimechemsha maji, nimeyapoza, nimeyanywa. Yana ladha ya sufuria.

Jumapili, 12 Machi

Tumebuni jambo. Mimi nina bao langu, Cleopa ana lake. Kila mtu kakaa barazani kwake, anacheza zamu yake, kisha anatangaza kwa sauti: shimo la nne, kushoto. Mwenzake anasogeza kete kwenye bao lake vivyo hivyo. Barabara nzima inasikiliza, maana hakuna jingine la kusikiliza. Wanawake wa safu ya nyuma wametoa vigoda.

Saa tano nimemla kete kumi na moja. Akasema hazikuwepo pale. Kwenye bao langu zilikuwepo. Kwenye bao lake hazikuwepo.

"Mwizi!" akasema.

"Mwizi ni wewe, uliyeiba mataruma ya reli ya serikali ukapikia maharage."

"Njoo uhesabu!"

"Karantini!"

"Karantini imekuokoa, mla ndezi wewe!"

Watu walicheka hadi safu ya tatu. Ndiko walikokufa wawili juzi.

Jumatano, 15 Machi

Bwana afya ni kijana aitwaye Hezekia, ana buti za mpira na bomba la dawa mgongoni. Anaongea nasi kama kwamba tunaharisha kwa makusudi. Alipulizia choo changu, akapulizia kizingiti, akampulizia jogoo. Nikamuuliza kama jogoo naye kaandikwa kwenye karatasi. Hakucheka. Sijapenda sura yake.

Jumatatu, 20 Machi

Wiki mbili. Nimekaa mlangoni nimetazama mahindi yangu kule ng'ambo ya mto. Wiki hii yalikuwa ya palizi ya pili. Mchana kweupe nguruwe wameingia, mama na watoto saba, wanatembea kati ya mistari kama wageni wa wizara. Nilipiga kelele. Mama akanitazama, akaendelea.

Tulipohamishwa walituambia, mkikaa karibu karibu, maji na shule na zahanati vitawafikia kwa urahisi. Maji ya bomba hayajafika. Zahanati ni msingi wenye nyasi. Kipindupindu hakikukawia. Kilikuta nyumba zimepangwa mstari, kikaanza ya kwanza.

Nilimwambia Cleopa hivyo kwa sauti. Akajibu, "Nyamaza, Msagara, Donati ana masikio." Kisha akasema, "Lakini ni kweli."

Sikupenda aliponiunga mkono. Nilijisikia vibaya siku nzima.

Jumapili, 26 Machi

Pasaka ya wenzetu. Cleopa amevaa koti lake na kofia ya reli, amesimama mlangoni, ameimba ibada nzima peke yake. Sauti yake inatosha kusimamisha treni. Aliimba sehemu ya mchungaji, akajibu sehemu ya waumini, mwisho akazungusha kofia kukusanya sadaka na hakupata kitu.

"Hata wewe mwenyewe hutoi?" nikamuuliza.

"Naijua kamati ya fedha," akasema.

Jumatano, 29 Machi

Hakuna neno. Unga umepungua.

Jumapili, 2 Aprili

Leo nimefanya jambo, na hadi sasa naandika huku nacheka.

Jana jioni Cleopa alishinda bao. Alishinda kwa wizi, lakini safu zote zilimshangilia, akaniita "mzee wa nyundo isiyo na kazi". Nikalala nalo. Leo asubuhi yeye yuko uani anaosha koti, mimi nikachukua nyundo, nikagonga reli mara tano, nikapaza sauti: "Kwa Cleopa! Anaendesha!"

Walifika mbio, Hezekia, Donati na migambo wanne. Cleopa akawa anawaambia mimi mzima, mimi mzima, nao wanamwambia kila mgonjwa husema hivyo. Maharage yake wakayamwagia chokaa. Nguo zake zote wakazitia kwenye pipa la dawa. Godoro lake la sufi wakalitoa nje wakalichoma. Yeye wakamlaza juu ya machela, kaptula tu, buti za mpira pande zote, hadi Hezekia alipombana tumbo na kumtazama ulimi, akasema, "Huyu mtu hana kitu."

Hapo nikashindwa kujizuia.

Donati alivuka barabara mwenyewe. "Mzee Mwinshehe. Shikamoo."

"Marahaba."

"Nimekuamkia kwa sababu mama yangu alinifunza. Sasa nisikilize. Ukigonga tena reli hii na mgonjwa hayupo, nitakupeleka Kilosa mimi mwenyewe, kwa mguu, kizuizini utalala na miaka yako yote hiyo. Umeelewa?"

Nimeelewa. Jioni Cleopa amekaa barazani bila godoro, bila shati. Nilidhani atanuna. Akatikisa kichwa.

"Umenipata, Msagara. Hili umenipata. Ila nitalipa. Nitakufanya ugonge kwa mkono wako mwenyewe, na Kilosa utakwenda."

"Jaribu."

"Wewe ngoja."

Jumatatu, 3 Aprili

Mwamvua amefunga kitenge kwenye jiwe, akamrushia Cleopa ajifunike. Ameniambia godoro lile alilishona marehemu mkewe. Sikujua. Alisema, "Hukuuliza."

Jumamosi, 8 Aprili

Mvua siku tatu. Safu ya kwanza wamekufa wengine wawili. Tunaambiwa kwa kuona mkokoteni. Hakuna kilio, hakuna tanga, watu wawili wenye buti na chokaa, basi. Watani wao wako kijiji cha pili na hawakuruhusiwa kuvuka. Mtu anazikwa bila hata wa kumcheka.

Kila asubuhi bado tunaitana. "Bado hujafa?" "Bado." Imekuwa fupi.

Alhamisi, 13 Aprili

Naandika haya Ijumaa, ila nataka yakae chini ya siku yake.

Asubuhi Cleopa hakuniita. Nikaanza mimi. "Cleopa! Umekufa?" Baada ya muda mlango ukafunguka, akatoka akiwa amejifunika kile kitenge cha Mwamvua, akakaa juu ya kizingiti.

"Mwinshehe, gonga reli."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Siku kumi na moja umefikiri, ukapata hilo tu?"

"Gonga, mtani. Tumbo linanimaliza. Tangu jogoo la kwanza."

"Na mimi nina mimba. Njoo ugonge mwenyewe."

"Miguu haina nguvu."

"Mpagazi gani hana miguu?"

Akacheka. Hapo ndipo aliponimaliza. Naapa alicheka, na kama asingecheka ningegonga. Aliinamisha kichwa akacheka polepole, akasema, "Kweli. Mpagazi gani."

Nikaingia ndani kunywa uji.

Saa tatu Mwamvua alichungulia. "Baba Saidi, gonga. Yule mtu macho yameingia ndani."

"Hata mimi nikijipaka majivu yataingia."

"Anatapika."

"Kanywa maji ya chumvi. Namjua. Anataka Donati anipeleke Kilosa na nyundo shingoni."

"Na kama si mchezo?"

"Ni mchezo. Mwanaume anayekufa haombi kwa mtani wake."

Hayo nilisema mimi. Nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Saa tano akaita tena. Sauti ilikuwa imekauka, kama bata. Na yule mtu sauti yake mnajua ilivyokuwa. Nikasema sasa amezidisha, hii si sauti ya mgonjwa, hii ni ya bata. Nikamjibu kibata. Wanawake wa safu ya nyuma walikuwa wametoa vigoda vyao. Walicheka kidogo, kisha mmoja akaacha, akamtazama mwenzake. Niliona. Niliwaona wakiacha kucheka, nami nikaendelea.

Alasiri ikaja mvua kubwa. Cleopa akajaribu kusimama ajiondoe mlangoni. Alishika mwimo wa mlango, magoti yakamkunjika, akaenda chini taratibu, ubavu kwanza, mkono mmoja nje kwenye mvua. Alianguka vizuri sana.

Nilimpigia makofi.

Nilisimama barazani kwangu nikampigia makofi na kusema, "Hapo sasa! Hapo umeigiza!" Mkono ukabaki kwenye mvua. Nikangoja aurudishe. Mvua inaugonga ule mkono na yeye haurudishi.

Mwamvua alinipita. Alichukua nyundo miguuni pangu, akaigonga reli mpaka nyundo ikaruka mpini, kisha akavuka barabara kwenye tope na amri zote, akamshika Cleopa kichwa, akamwingiza ndani.

Hezekia alikuwa safu ya mwisho, alikuja na Donati na migambo jua linaelekea kuzama. Kwanza walimtoa Mwamvua, wakampeleka nyuma ya nyumba kuoshwa miguu na mikono kwa dawa. Kisha wakamtoa Cleopa kwenye machela, palepale barabarani, kati ya mlango wake na wangu. Hakuwa na uso. Ngozi ya tumbo Hezekia aliifinya ikabaki imesimama.

Yule kijana alikuwa hajalala, ilionekana. Alisema kwa haraka, "Chupa za maji ya mshipa zimebaki nne. Kule shuleni nimelaza wagonjwa watano. Aliyeanza mapema ndiye wa kwanza, hakuna namna nyingine. Huyu kaanza saa ngapi?"

Donati alinigeukia. Donati mwenye amri: ukisikia mtu kaumwa, gonga, usingoje.

Nikasema, "Sasa hivi."

"Sasa hivi lini?"

"Mvua ilipoanza. Kabla ya hapo alikuwa anacheka. Waulize."

Hakuna aliyeulizwa. Hezekia akaandika. Cleopa alikuwa amefumbua macho, anasikia. Alinyanyua kidole kimoja, kama hivi, kutoka kwenye machela. Sijui alikuwa ananikanusha au ananitania. Kidole kikashuka, wakambeba.

Ijumaa, 14 Aprili

Amekufa kabla ya alfajiri. Zamu yake ilikuwa ya sita.

Mkokoteni ulipita saa mbili. Kazi yangu naijua, nimeifanya kwa Wanyamwezi wengi toka ujana. Mtani akifa, mimi huvaa kofia yake na koti lake, natembea kama alivyokuwa anatembea, naingia kaburini nagoma kutoka mpaka nipewe kitu, namtukana marehemu kwa uvivu wake na uchoyo wake mpaka wafiwa wasahau kulia. Asipotukanwa ameondoka kama mtu asiye na watu. Sikuruhusiwa kuvuka, lakini mdomo ulikuwa wangu. Nilisimama barazani, nikangoja mkokoteni ufike mbele yangu, nikavuta pumzi.

Halikuja neno. Miaka sitini natukana watu bure, siku nilipohitajika nikawa bubu. Gurudumu moja lilikuwa linalia. Mgambo mmoja aliniangalia, pengine anajua kazi ya mtani, akapunguza mwendo anipe nafasi. Kisha akaona haya, akausukuma.

Jumamosi, 15 Aprili

Mwamvua: "Hezekia ulimwambia nini?"

Mimi: "Aliuliza lini, nikamjibu."

Mwamvua: "Ulimjibu lini?"

Nikatoka nje kutazama mvua.

Jumanne, 18 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 22 Aprili

Hezekia amekuja kupulizia. Nilimpa kigoda, akakaa, usingizi ukamchukua akiwa na bomba mgongoni. Nilimtazama. Ana umri wa mjukuu wangu mkubwa. Alipoamka aliomba radhi, akasema chupa zililetwa nyingine thelathini, ila siku ya pili yake. Nilimuuliza, yule wa kwanza kupewa, siku ile, alipona? Akasema wote wanne walipona. Mmoja ni mama wa safu ya kwanza mwenye watoto watano.

Kwa hiyo hata hesabu haitaki kunisaidia. Ningesema kweli, Cleopa angepata, na mmoja katika hao asingepata. Nimejaribu kujiliwaza kwa hilo siku nzima. Halinitoshi, kwa sababu sikusema uongo ili mama wa watoto watano apone. Nilisema ili nisiende Kilosa.

Jumatatu, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Nimelala.

Jumanne, 9 Mei

Karantini imeondolewa. Siku sitini na nne. Tumeitwa uwanjani, tumekaa mbalimbali kwa mazoea. Donati alisoma karatasi kutoka wilayani. Waliokufa ni kumi na saba. Kisha akawashukuru waliojitolea, na akasema, mbele ya watu wote, "Na Mzee Mwinshehe wa safu ya nne, ambaye, tukiacha ule utani wake wa mwanzo, aligonga kwa wakati."

Watu wakanipigia makofi.

Mwamvua alikuwa karibu yangu, mikono imekaa mapajani. Jioni nilikwenda shambani. Yaliyobaki ni mabua, na nguruwe wamezoea, hawakimbii.

Jumamosi, 13 Mei

Verdiana amekuja na basi la Mikumi. Kizuizi kilimfungia nje miezi miwili, habari za baba yake alizipata kwa dereva wa lori.

Nilimwona tangu mbali, anashuka barabara ya kati. Nikajipanga. Nilijua atakavyoanza, maana huyu mtoto wa Cleopa ni mtani wangu vilevile, na tangu tuhamie hapa ananiita babu wa ndezi. Kwa haki yake angeanza kelele kule kwenye nyumba ya kwanza: Wasagara wachawi, mmemla baba yangu, mmemmaliza hamjashiba! Angeingia ndani kwangu akakamata kuku. Angevunja chungu. Nami ningemjibu, na watu wangetoka nje, na Cleopa angekuwa amezikwa.

Alifika mbele yangu, akapiga magoti kwenye tope.

"Shikamoo, baba."

Shikamoo ina jibu moja tu. "Marahaba."

"Nimeambiwa wewe ndiye uliyegonga reli. Nimeambiwa ulikuwa unamchangamsha kila asubuhi. Mungu akulipe."

"Inuka, mama. Inuka, tope hilo."

"Alikuwa anasema kwenye barua, Msagara wangu yule ndiye ananipa sababu ya kuamka."

Mwamvua aliingia ndani. Verdiana akafungua kanga, akanipa kilo mbili za sukari, na sukari siku hizi ni ya kutafutwa. Akanipa kwa mikono miwili. Nikapokea kwa mikono miwili.

Alikwenda kaburini, akarudi, akaniaga kwa heshima ileile. Basi lilipoondoka nilikuwa bado nimeshika sukari. Mwamvua alisema neno lake la kwanza refu tangu Aprili: "Chai yake mimi siipiki."

Jumanne, 16 Mei

Hapa chini ninajaribu maneno ya barua. Nikiyaweza nitayanakili safi, nimpe kondakta wa basi la kesho, pamoja na kilo mbili zenyewe.

Kwa Verdiana binti Cleopa, Mikumi.

Sukari yako hii hapa. Haijafunguliwa.

Baba yako alianza kuumwa jogoo la kwanza. Aliniomba nigonge reli asubuhi, akaniomba saa tano. Nilidhani ananitania, kwa kuwa mimi nilimtania kwanza, kwa jambo baya, nao wakachoma godoro la mama yako. Hilo la kudhani, mtani anaweza kumsamehe mtani, baba yako angenisamehe huku ananitukana. Lakini aliyegonga ni Mwamvua, si mimi. Na bwana afya aliponiuliza ameanza lini, nilisema sasa hivi. Kwa neno hilo akawekwa wa sita, na chupa zilikuwa nne. Nililisema nikiwa na akili zangu, mbele ya macho yake, akinisikia.

Ukitaka kwenda kwa Donati na barua hii, nenda. Ameshasema njia ya Kilosa anaijua.

Mimi nina ombi moja dogo, na si la hisani, ni haki yangu, baba yako ameniachia deni lake na wewe ndiye mrithi. Nimeamka siku thelathini na tatu hakuna aliyeniuliza kama nimekufa. Njoo usimame barabarani, mbele ya safu zote, uniite jina langu, unitukane. Mtukane mjomba wangu, mtukane marehemu mama yangu, sema kila kitu, kwa sauti kubwa kama ya baba yako, hata wale wa safu ya kwanza wasikie ni kwa nini. Kama nauli hakuna, liandike kwenye karatasi ya daftari, nitalisoma mwenyewe barazani.

Ila usianze na shikamoo.